Farasi Akigoma Kula Baada ya Mbio: Tumwache au Tumwite Daktari?

Jumapili jioni, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, umeshatulia. Farasi aliyepandishwa lori kule Nakuru, akasafiri kilomita kama 160 na kukimbia mbio zake, amesimama kwenye banda la ugenini. Nafaka iko kwenye ndoo vilevile ilivyomiminwa. Saisi, yaani mtunza farasi, anaitikisa ndoo, farasi anageuza uso ukutani. Hapo ubishi huanza. Mmoja atasema amechoka, mwache, kesho atakula. Mwingine anataka daktari wa mifugo aje usiku huohuo.

Wanaosema tumwache wana haki yao. Farasi aliyetoka mbio ana joto mwilini, amepoteza maji na chumvi nyingi kwa jasho, na hamu ya chakula hairudi mpaka mwili upoe. Wengi wakiwekewa nyasi kavu na maji safi, wakaachwa kwa utulivu, huanza kutafuna kabla hakujacha. Isitoshe, haraka ya kutibu ina hatari zake. Sindano ya fenilibutazoni, ambayo baadhi yetu huikimbilia kama chai ya asubuhi, hupunguza maumivu na kushusha homa. Ikishushwa homa, ugonjwa unaoanza hujificha. Na dawa hiyohiyo inaweza kuleta vidonda vya tumbo.

Lakini tumbo la farasi halifanani na letu. Linamwaga asidi usiku na mchana, awe anakula au hali, na mate yanayoipooza asidi hiyo hutoka anapotafuna tu. Mnyime nyasi njiani, kisha mkimbize: tumbo linabanwa, asidi inaruka juu kwenye sehemu isiyo na ute wa kujikinga. Ndiyo maana vidonda vya tumbo vimejaa kwa farasi wa mbio walio mazoezini. Kwa farasi wa namna hii, kusubiri kuna gharama: kufunga kunachimba kidonda, na kidonda kinamzidishia kufunga.

Kwangu mimi, pande zote mbili zinaanza na swali bovu. “Amekula?” halitoshi. Amekataa nini? Anayeacha nafaka lakini anang'ata nyasi, anakunywa na kunya kama kawaida, simwamshii daktari. Nampunguzia nafaka, nazidisha nyasi na lusini kidogo (jani la malisho la jamii ya kunde), maana kalsiamu yake husaidia kupooza asidi. Anayekataa nyasi pia, huyo ni mwingine kabisa. Akianza kukwangua chini kwa kwato, kugeuka kutazama ubavu wake au kulala na kuinuka, hakuna cha kujadili. Farasi hawezi kutapika, na tumbo lake likiziba mambo huharibika upesi.

Kuna na homa ya safari, inayosahaulika kwa sababu huchelewa kujionyesha. Farasi aliyefungwa kichwa juu ndani ya lori hawezi kukiinamisha, na kuinama ndiko kunakomsaidia kutoa uchafu na vijidudu kwenye njia ya hewa. Vikishuka mapafuni, dalili huja hata siku mbili au tatu baadaye, na dalili ya kwanza mara nyingi ni hiyohiyo ya kuiacha ndoo. Kwetu huku ongeza homa ya kupe, nayo huanza kimyakimya vivyo hivyo. Chukua kipimajoto. Farasi mzima akiwa ametulia hukaa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Joto likivuka hapo saa kadhaa baada ya kupoa, hoja ya uchovu imekwisha.

Katikati ya kambi hizi mbili pamejaa tiba za mkato. Pumba za ngano za maji ya moto, kwa mfano, zinampa maji, lakini tumbo lisilozizoea halifurahii kubadilishiwa chakula ghafla. Azizoee nyumbani kwanza. Maji ya chumvi ya kurudisha nguvu nayo ni mazuri kwa anayekunywa. Ukimsukumia anayekataa maji unaweza kumzidishia ukavu. Maji ya ugenini hukataliwa kwa harufu tu, basi beba mapipa ya nyumbani. Omeprazoli inatibu vidonda kweli, ila wapo wanaosaga vidonge vya binadamu ili kubana matumizi. Ganda la dawa likivunjwa, asidi inaila kabla haijafika utumboni. Pesa umepoteza, na farasi bado hali.

Mengi ya haya yangezuiwa barabarani: wavu wa nyasi ndani ya lori, kituo cha kunywesha, kamba ndefu kidogo ili kichwa kishuke. Hapo kambi zote mbili huwa zinakubaliana, kisha lori linaondoka alfajiri bila wavu kwa sababu kila mtu ana haraka.

Jambo moja linaniudhi zaidi. Uamuzi hufanywa na mwenye farasi au mkufunzi kwa simu, naye hajaiona ndoo. Aliyeiona ni saisi. Anajua farasi huyu huanza na nyasi au nafaka, hunywa ndoo ngapi, hunya mara ngapi usiku. Ila saisi wengi hawajapewa kipimajoto, kitu cha bei ndogo, wala daftari la kuandikia. Saa 4 usiku anapiga simu kusema “hajala”, anaulizwa joto lake ni ngapi, naye hana la kujibu.