Mtafiti Anapokabidhiwa Bidhaa

Wapo wanaoamini kwamba mwenye shahada ya uzamivu akiacha chuo na kuwa meneja wa bidhaa, yaani mtu anayeongoza uamuzi wa bidhaa gani itengenezwe na kwa nini, ameitupa miaka yake ya utafiti, na wapo wanaomwona kuwa amekwisha kuandaliwa kwa kazi hiyo. Hoja ya kundi la pili ina uzito. Mtafiti amezoea kuliweka swali sawa kabla ya kukimbilia jibu, na kukubali kwamba dhana aliyoipenda imeanguka. Tangu Neil McElroy alipoandika waraka wake wa mwaka 1931 katika kampuni ya Procter & Gamble, akitaka kila chapa iwe na watu wa kuifuatilia mpaka sokoni, kazi hii imekuwa ni kuchunguza kwa nini bidhaa inanunuliwa hapa na kukataliwa pale.

Hata hivyo, wanaotahadharisha hawakukosea. Makala ya kitaaluma inaweza kukaa miezi mingi mikononi mwa wahakiki, ilhali timu ya wahandisi inahitaji uamuzi leo, ushahidi ukiwa nusu. Lakini kasi hujifunzwa. Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuacha kuwa mwenye jibu. Chuoni heshima hutokana na kujua kuliko wengine, ingawa aliyewahi kuendesha maabara yenye watafiti wengi ana nafuu kidogo. Meneja wa bidhaa, ambaye mara nyingi hana mamlaka ya kumwajiri wala kumwachisha kazi mhandisi anayefanya naye kazi, akitetea wazo lake kikaoni kama anavyotetea tasnifu, atashinda mjadala na kuwapoteza watu, kwa kuwa wajuzi huchoka kusahihishwa mbele ya wenzao, kisha hunyamaza.

Ukimya huo ni hatari. Amy Edmondson, mtafiti wa utendaji wa timu, alipochunguza timu za hospitalini katika miaka ya 1990, alikuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi ya utoaji dawa, akaeleza kwamba huenda hazikukosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema. Hapo ndipo mtafiti ana akiba isiyotambuliwa na wengi, maana amefundishwa kukiri asichokijua. Chuoni ungamo hilo huwekwa katika aya ya mapungufu, karibu na mwisho wa makala. Kwenye timu sharti alitoe mapema, kwa kinywa chake, kabla mhandisi mchanga hajaamua kuificha hitilafu aliyoiona.