Acheni Kuongeza Megawati

Juzi rafiki yangu mmoja, ambaye kwa usalama wa urafiki wetu simtaji, alinitumia muundo wa leza aliyoitengeneza kwenye Children of a Dead Earth, gemu la vita vya anga za juu, pamoja na ujumbe mfupi: "Kaka, imekataa kuchoma." Nikaufungua. Megawati 10 za mwanga. Kumi! Alianza na moja, haikuchoma. Akaweka mbili, haikuchoma. Akaweka tano. Alipofika kumi, chombo chake kilikuwa kimebaki kinu cha nyuklia na rejeta tu (mabamba ya kutolea joto nje), mabaharia wake wamebanwa kwenye kona kama mizigo. Na kombora la mazoezi bado lilikuwa linakuja, pua yake ya grafiti inang'aa kama taa, halina haraka. Swali lake kwangu: aende ishirini?

Nilimjibu vibaya. Nimeshamwomba radhi kwa lugha niliyotumia, ila hoja yenyewe siirudishi nyuma, na leo nataka niimalize.

Anayecheza Children of a Dead Earth anajua kwamba gemu lenyewe halina huruma. Tangu lilipotoka mwaka 2016 limetupa uhuru wa kujitengenezea silaha kuanzia fuwele na vioo hadi rejeta, kisha linatuhukumu kwa fizikia ileile inayotuhukumu huku nje. Hakuna leza ya daraja la tatu inayosubiri kushindwa na ya daraja la nne. Kwa hiyo leza isipochoma ipo sababu, sababu hiyo ina namba, na namba hiyo inatafutika. Kinachoniudhi ni mtu kupewa gemu la namna hii halafu akatibu kila ugonjwa kwa dawa moja.

Haya, tupige hesabu ya jamaa. Fuwele yake, yaani kile kipande kinachozaa mwanga wa leza, ni ya aina ya Nd:YAG, inatoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064. Kioo chake cha kulengea kina upana wa nusu mita. Anapiga kutoka kilomita 500. Sasa, mwanga hauendi kama kamba iliyovutwa. Unatawanyika, hata kwenye ombwe, hata kioo kiwe kimesuguliwa na malaika. Chukua 2.44, zidisha kwa urefu wa wimbi, zidisha kwa umbali, gawanya kwa upana wa kioo: doa lake linapofika kule lina kipenyo cha mita 2.6. Mita mbili na nusu na ushee, juu ya kombora ambalo lenyewe halifikii nusu ya upana huo! Mwanga mwingi unapita pembeni kwenda kuzisalimia nyota. Unaobaki, kama leza ni ya megawati 1, ni kilowati 190 hivi kwa kila mita ya mraba. Ni zaidi ya mara 130 ya jua tunaloota duniani, na nakubali kwamba kwa masikio inatisha.

Kwa grafiti haitishi. Kitu kikipata moto, nacho huutoa. Huko juu hakuna upepo wa kukipoza, kinajipoza kwa kung'aa, na kung'aa huko hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto. Kwa hizo kilowati 190 pua ya kombora itapanda hadi kelvini 1350 hivi, kisha itasimama hapo, inapokea na kutoa sawasawa. Imulike mpaka kesho, haisogei. Alumini ingekuwa imeshatiririka, maana huyeyuka kwenye 933. Titani inasubiri 1941. Grafiti kwenye ombwe haiyeyuki kabisa, inageuka mvuke, na ili igeuke kwa kasi ya kukusaidia vitani lazima uipeleke huko juu ya 3000.

Hapo kwenye kipeo cha nne ndipo naomba tusimame pamoja, kwa sababu ndipo megawati zote za rafiki yangu zilipozama. Ukiongeza nguvu mara mbili, halijoto ya doa inapanda kwa asilimia 19 tu. Ukitaka kuipandisha mara mbili, unahitaji nguvu mara 16. Yeye na kumi zake alifika kama 2400. Ishirini anazozitamani zingemfikisha kwenye 2850 na kidogo. Wahenga walikuwa na jina la mtu wa hivi, mtwanga maji kinuni, ila hawakujua kwamba siku moja kinu chenyewe kitakuwa cha nyuklia.

Turudi kwenye doa. Panua kioo mara mbili: kipenyo cha doa kinakuwa nusu, eneo linakuwa robo, ukali unapanda mara nne. Weka fuwele ya pili inayogeuza ile 1064 kuwa 532, yaani kijani: ukali unapanda mara nne tena, toa kinachopotea njiani. Nne mara nne ni kumi na sita. Ile mara 16 uliyokuwa unataka kuinunua kwa kinu kipya umeipata kwa kioo na kipande cha fuwele. Nenda hadi kioo cha mita 2 pamoja na kijani hichohicho, doa linashuka hadi sentimita 32 hivi, na megawati 1 ileile, ile ya mwanzo aliyoidharau, inaisukuma grafiti hadi karibu 3800. Moja!

Na sijagusa joto. Leza inayochochewa kwa taa, yaani taa ndiyo inayoilisha fuwele mwanga, hurudisha kiasi kidogo sana cha umeme inaoula, tuseme asilimia 2, na hapo nimekuwa mkarimu wa wastani. Megawati 10 za mwanga zinadai megawati 500 za umeme, na 490 zinabaki ndani ya chombo chako zikiomba njia ya kutokea. Ukizitoa kwa rejeta yenye kelvini 1200, inayong'aa pande zote mbili, unahitaji mita za mraba zipatazo 2100. Mbaya, lakini inajengeka. Rafiki yangu alikuwa ameunganisha kila kitu kwenye mzunguko mmoja wa kipozeo, na kwa kuwa fuwele haipendi moto, mzunguko wote ameushusha hadi 350. Kwenye 350, kwa joto lilelile, rejeta inapita robo ya kilomita ya mraba. Kombora la adui halihitaji kulenga, linahitaji kutokupofuka tu. Taa inavumilia moto, fuwele haivumilii: zitenganishe, kila moja na mzunguko wake, na joto lililo jingi litoke kwa rejeta ya moto. Tena kadiri unavyoikaza fuwele, inapata moto katikati na kupoa pembeni, yenyewe inageuka lenzi na kuuvuruga mwale. Mwale ukiharibika mara tatu, doa linapanuka mara tatu na ukali unashuka mara tisa. Kwa hiyo kuna wakati unaongeza nguvu na leza inazidi kuwa dhaifu. Mtu akiona hivyo anafanya nini? Anaongeza tena.

Msinione ninasema haya kutoka juu ya mlima. Mimi mwenyewe nilipoteza usiku wa siku tatu kwa jambo la aibu kuliko hili. Nilikuwa na leza nzuri ya 1064, nikaihamishia kwenye 532, na kila nikifyatua kioo changu kinakufa. Nikalaumu kipozeo. Nikalaumu turubini. Nikapunguza nguvu, nikaongeza rejeta, nikabadilisha umbo la chombo kizima, sijui kwa nini. Usiku wa tatu ndipo nikatazama kioo kimepakwa nini. Dhahabu. Dhahabu ni malkia kwenye infraredi, inarudisha karibu kila kitu. Lakini jiulize kwa nini ni ya njano: kwa sababu inaimeza buluu, na kijani inakimega vilevile. Nilikuwa namlisha mwala kijani sahani nzima ya kijani, kisha nashangaa anavyovimba. Nikaweka fedha, ikatulia. (Ukienda kwenye urujuanimno fedha nayo inakusaliti. Huko kimbilia alumini.)

Kuna kisa nakipenda kuhusu hili. Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani, kwenye maabara ya Hughes kule Malibu, California. Alitumia rubi, na rubi wengi walikuwa wameshaitupa, kwa sababu kipimo kilichokuwa kikiaminiwa kilisema inarudisha kama asilimia 1 tu ya mwanga inaoumeza. Mwingine angetafuta taa kubwa zaidi na zaidi. Maiman alikaa akapima upya mwanga unapotelea wapi, akakuta haupotei: ilikuwa karibu asilimia 75. Kipimo ndicho kilikuwa kibovu. Taa aliyokuja kuitumia ilikuwa ya kupigia picha, ya kununuliwa tu dukani kama nyingine. Kila nikisikia mtu anataka kinu cha pili namkumbuka huyu bwana na taa yake ya picha.

Mengine nayataja harakaharaka, kila moja nimeshaletewa zaidi ya mara moja. Taa ya kriptoni inang'aa vizuri kati ya nanomita 760 na 810, mahali ambapo Nd:YAG ina kiu hasa; ukiichukua taa hiyohiyo ukaiweka kwenye yakuti yenye titani, fuwele nyingine ya leza ambayo chakula chake ni kijani na buluu, umejenga jiko. Fimbo ya fuwele ikikupasukia usiinenepeshe, kwa sababu joto inaloweza kubeba kabla ya kupasuka hutegemea urefu wake, unene hausaidii. Irefushe. Na swichi ya Q, kifaa cha kuizuia leza kisha kuiachia ghafla, inabana nishati iwe mapigo mafupi makali, vizuri sana, lakini haipunguzi doa hata kwa unywele, basi usinipigie hodi na mapigo yaliyomwagwa juu ya mita 2.6.

Sawa, nikubali, kwa shingo upande. Zipo siku ambazo nguvu ndiyo jibu. Doa likishakuwa dogo kuliko shabaha na bado haichomi, ongeza. Kioo cha mita 2 nacho kina gharama yake: ni kizito, kinageuka polepole, na leza ya adui ikikiangalia usoni ndicho cha kwanza kufa. Makombora yakija ishirini kwa pamoja, kila moja unalipa sekunde chache tu, na hapo hesabu yangu ya kumulika hadi kesho haina mtu wa kuisikiliza. Hata hiyo miundo ya kunakili ya watu wengine, ambayo siipendi, inashinda vita. Lakini ikivunjika aliyeinakili hana pa kuanzia, naye ndiye anayenitumia ujumbe saa saba usiku.

Nilimwandikia rafiki yangu haya yote kwa ufupi, nikamsihi kitu kimoja: abadilishe jambo moja, afyatue, aandike namba, ndipo aende kwenye jingine. Kioo kwanza. Jana jioni akanijibu. Kioo mita 2, kijani, kipako cha fedha, mizunguko miwili ya kipozeo, fimbo mpya ndefu, nguvu imerudi megawati 1. Vyote kwa mpigo. "Kaka, imechoma! Unadhani ni kipi kilichosaidia?"

Sijamjibu bado.