Jazz Ibadani: Nani Anaimba, Nani Anasikiliza?

Mwaka 1965 Mchungaji John Garcia Gensel wa kanisa la Kilutheri la Saint Peter's, New York, alianzisha ibada ya Jumapili jioni yenye muziki wa jazz. Wapiga jazz walikuwa kazini Jumamosi usiku hadi karibu na mapambazuko. Nani angewaona ibadani asubuhi? Akawawekea saa kumi na moja jioni. Tangu hapo makanisa mengi ya Marekani na Kanada yamekuwa na ibada za namna hiyo: mavazi ya kawaida, mahubiri mafupi, na bendi ndogo ya piano, besi, ngoma na saksofoni.

Upinzani ni wa zamani kuliko ibada zenyewe. Mwaka 1903 Papa Pius X alipiga marufuku ngoma na matoazi kanisani, na piano pia, ambayo leo hakuna anayeishuku. Mwaka 1966 Duke Ellington, mpiga piano na mtunzi mashuhuri wa jazz, alipopeleka tamasha lake la muziki mtakatifu Washington, umoja wa wachungaji wa Kibaptisti mjini humo ulikataa kuliunga mkono, ukiuona muziki wake kuwa wa kidunia. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tamasha hilo hilo lilikuwa limepigwa ndani ya Grace Cathedral, San Francisco.

Hoja hii, kwamba chombo au muziki uliotoka baa haufai kanisani, hainishawishi. Sharika za Kilutheri za Kilimanjaro hupiga matarumbeta ibadani na mazikoni, na sijasikia mfiwa akilalamika kwamba tarumbeta ni ya baa.

Hoja nzito ni nyingine. Tangu enzi za Luther, wimbo wa ibada ni mali ya waumini wenyewe. Mpiga saksofoni akishaiacha tuni na kuanza kubuni yake papo hapo, wanaoimba hawana pa kumfuata. Wananyamaza, na akimaliza wanapiga makofi. Wanampigia nani? Watetezi hujibu kwamba kusikiliza nako ni kuomba, na kwamba kinanda nacho husikilizwa kimya kabla ya ibada bila mtu kunung'unika. Ni kweli, ila kinanda kikishamaliza hapo huwaongoza watu kuimba.

Kwangu mimi, jambo la kuuliza kwanza ni bendi imeletwa kwa nini. Gensel aliwafuata wanamuziki kwenye vilabu vyao na akawa mchungaji wao. Billy Strayhorn, mtunzi aliyeshirikiana na Ellington, alipofariki mwaka 1967, mazishi yake yalifanyika Saint Peter's. Ellington naye alimtungia Gensel muziki kwa jina la mchungaji alindaye kundi la usiku. Pale jazz ilikuwa lugha ya kondoo waliokuwepo tayari. Kanisa linaloajiri bendi ili kujaza viti vitupu liko kwenye jambo tofauti kabisa: linakusanya wapenzi wa muziki, na bendi ikihama watahama nayo.

Hata hivyo, saa ya jioni inaondoa sehemu kubwa ya ugomvi. Anayetaka tenzi na kinanda anabaki na asubuhi yake, hakuna anayelazimishwa. Mimi ningekubali hata solo ndefu, mradi ubeti wa mwisho warudishiwe waumini, na kwa ufunguo, yaani kimo cha sauti, wanaoweza kuuimba. Lakini kama malipo ya bendi yanatoka kwenye fungu la kwaya, hapo wanakwaya wana haki ya kuuliza maswali kwenye baraza la wazee.