Miezi mitatu ya mujibu, miaka miwili ya kujitolea: JKT inampa kijana nini?

Kila mwaka, kidato cha sita wakishamaliza mtihani wao mwezi Mei, tangazo la Makao Makuu ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, hutoka kuwaita kwenye mafunzo ya lazima ya miezi mitatu, yaani ya mujibu wa sheria, na wazazi huanza kusaka vifaa. Orodha karibu haibadiliki: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa atakayepangiwa mikoa yenye baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Mwenye ulemavu unaoonekana huelekezwa Ruvu, pale Mlandizi, kwa kuwa ndiko kuliko na miundombinu ya kumhudumia. Wengine hutawanywa Mafinga, Mlale, Msange, Makutupora, Bulombora, Oljoro, Rwamkoma, Maramba na kwingineko. Vyuo vikuu vikikaribia kufunguliwa, vijana hao wameshafunga mafunzo na kurudi nyumbani, wembamba na weusi wa jua.

Mwaka wa JKT hauishii hapo. Nyuma ya vijana wa mujibu wa sheria wapo wa kujitolea, ambao huomba kupitia wilaya na mikoa yao, husailiwa, hupimwa afya, kisha huingia mkataba wa miaka miwili. Hawa hawana chuo kinachowasubiri. Mjadala wetu kuhusu JKT huyachanganya makundi haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na ndiyo maana hausogei. Anayeisifu JKT mara nyingi anamfikiria kijana wa mujibu. Anayeilalamikia mara nyingi anamfikiria wa kujitolea. Kila mmoja anasema kweli kuhusu kundi lake.

Nianze na mujibu. Kambini kuruta huamshwa alfajiri, hukimbia mchakamchaka kwa nyimbo, hufanya usafi wa eneo, halafu siku nzima ni kwata na madarasa: uraia, huduma ya kwanza, usomaji wa ramani, matumizi ya silaha ndogo. Kuna kulenga shabaha, kuna zoezi la porini, na mwishoni kuna gwaride na kiapo mbele ya mgeni rasmi huku wazazi wakinyoosha shingo kumtafuta wao ni yupi kati ya mamia waliovaa sare moja. Sioni sababu ya kulidharau hili. Kijana aliyefuliwa nguo na dada wa kazi tangu azaliwe anajifunza kufua, kupiga foleni ya chakula na kulala chumba kimoja na mtoto wa mvuvi wa Ukerewe. Anapewa amri na mtu asiyejua wala kujali baba yake ana cheo gani. Katika nchi ambayo shule za kulipia na shule za serikali zinazidi kutengana, miezi hii ni mojawapo ya nyakati chache ambapo watoto wa pande zote mbili wanakula kutoka sufuria moja.

Hoja inayotangulizwa zaidi, hata hivyo, ni ya uzalendo, na kwangu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mafunzo ya mujibu yalisitishwa mwaka 1994 kwa sababu serikali ilielemewa na gharama, yakarejeshwa mwaka 2013. Vijana wa kujitolea walikuwa wamesharudi mwaka 2001. Maana yake ni kwamba karibu miaka ishirini ya wahitimu wetu walikwenda vyuoni na kazini bila kupita kambini. Hao ndio walimu, wauguzi na maafisa ugani wanaoitumikia nchi leo, wengine huko mwisho wa barabara. Sijaona mtu aliyeonyesha kwamba wanaipenda nchi yao pungufu ya waliopiga kwata katika Operesheni Magufuli, kama lilivyoitwa mojawapo ya makundi ya JKT. Na wapo waliopita JKT enzi zile za zamani wakaja kufikishwa mahakamani kwa kufuja mali ya umma. Kambi inaweza kumjengea mtu ukakamavu na mazoea ya nidhamu; uaminifu kwa nchi hutegemea pia anachokikuta akitoka.

Tena tuangalie nani anaitwa. Wa mujibu ni mhitimu wa kidato cha sita, yaani kijana ambaye, kama alisoma shule ya serikali, ameshakaa bweni miaka miwili na wenzake wa mikoa mingine. Yule aliyeishia kidato cha nne katika shule ya kata, anayekwenda na kurudi kwa miguu kila siku, ambaye huenda hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa wake, sheria haimwiti. Kama lengo ni kuwachanganya vijana wa taifa moja, tunaanza na ambao tayari wamechanganyika kwa kiasi fulani. Ninaelewa sababu: nafasi hazitoshi, na kwa miaka mingi tangu 2013 hata hao wa kidato cha sita hawakuchukuliwa wote. Lakini aliyebaki nje ni yule yule ambaye angefaidika zaidi.

Upande wa ulinzi una uzito wake. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963. Miezi michache baadaye, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, waliasi, jeshi lile likavunjwa, na vijana wa TANU, chama kilichotawala, na wa JKT wakawa chanzo cha jeshi jipya lililozaliwa Septemba mwaka huo huo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, jeshi dogo la nchi maskini liliweza kupanuka haraka kwa sababu tayari kulikuwa na maelfu ya raia walioshika bunduki kambini au kwenye mgambo. Mzee aliyeyaona hayo hatakuelewa ukimwambia mafunzo haya ni kupoteza muda, na sidhani kama ana kosa.

Swali gumu ni la malipo, na halikuanza jana. Mwaka 1966 serikali ilitaka wahitimu wa vyuo watumikie JKT miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, muda uliobaki kazini katika taaluma zao, wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22 wanafunzi, wengi wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400 warudi makwao, na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe na wa wakubwa serikalini kwa asilimia 20. Watu hukumbuka zaidi kufukuzwa. Mimi naona uzito uko kwenye ile asilimia 20. Mwalimu alikataa sauti ya wale vijana lakini aliisikia hoja iliyokuwa ndani yake: huwezi kumdai kijana ajinyime huku wewe unashiba. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, lililowabana viongozi wasijilimbikizie mali.

Sasa tuje kwa wa kujitolea. Akimaliza mafunzo ya awali ya kijeshi, muda wake mwingi unaobaki ni kazi: mashamba, mifugo, ujenzi, ulinzi, na stadi za kazi pale zilipo. Mpunga wa Chita huko Kilombero unahitaji mikono. Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, SUMAJKT, lililoanzishwa mwaka 1981, lina kampuni ya ujenzi, ya ulinzi, ya samani na nyinginezo. Ukuta wa Mirerani wa kuzuia wizi wa tanzanaiti, wenye urefu wa kilomita 24.5, ulijengwa kwa kasi ya kushangaza na kuzinduliwa Aprili 2018. Taifa linafaidi. Kijana anapewa chakula, malazi, sare, posho ndogo na cheti.

Na anapewa matumaini. Kila tangazo la kuandikisha wa kujitolea huwa na maneno yale yale: JKT haitoi ajira, haimtafutii kijana ajira, bali inampa mafunzo ya kujiajiri. Ni maneno ya kweli na ya uungwana. Lakini kijana huyo huyo anajua, na mjomba wake aliyemshauri aombe anajua, kwamba jeshi, polisi, magereza, uhamiaji na zimamoto huchukua sehemu kubwa ya askari wao wapya kutoka JKT. Kwa hiyo anaingia akiwa na masikio mawili, moja linasikia tangazo na jingine linasikia mtaa, na baada ya miaka miwili ni la pili analoliamini.

Ndipo tulipofika Aprili 2021. Kundi la vijana waliofanya kazi katika miradi ya taifa, ukiwemo ukuta wa Mirerani na ujenzi wa Ikulu ya Chamwino, waliona ajira waliyosema waliahidiwa haiji, wakagoma na kutaka kumwona Rais. Mkuu wa Majeshi akatangaza kwamba 854 kati yao wamesitishiwa mikataba, kosa likiitwa uasi. Mwaka uliofuata walisamehewa. Kwa sheria za kijeshi uamuzi wa kwanza unaeleweka: mwenye sare hagomi, na jeshi likizoea kujadiliana na kikosi kilichogoma halitakuwa jeshi tena, hasa katika nchi iliyoonja Januari 1964. Lakini kijana wa JKT si askari aliyeajiriwa. Anabeba wajibu wa askari pasipo mshahara, pensheni wala uhakika wa kesho. Hapo ndipo nidhamu inapodai zaidi ya inachotoa, na kusamehe hakujatatua jambo hilo.

Wapo wanaojibu kwamba serikali haiwezi kumwajiri kila anayepita kambini, na kwamba ikijaribu itaua maana ya neno kujitolea. Nakubali. Hakuna bajeti ya hilo, na JKT ikigeuka mlango rasmi wa ajira, itavamiwa na watu wa memo na simu kutoka juu, jambo ambalo hata sasa watu wa kawaida wanalilalamikia. Wengine hutaja Kenya, ambako Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoanza mwaka 1964, humpitisha kijana kwenye mafunzo ya awali ya Gilgil, kisha huduma kwa taifa, kisha chuo cha ufundi. Mpangilio huo ni mzuri, nao naupenda kwa sababu kijana huishia darasani akishika ujuzi mkononi. Ila NYS hiyo hiyo ilitikiswa na kashfa kubwa za fedha mwaka 2015 na 2018, na hilo linatosha kutuambia kwamba panapokuwa na vijana wengi na zabuni nyingi, ukaguzi unapaswa kutangulia.

Ninachokitaka kinawezekana bila kuahidi ajira hata moja. Kazi ya kijana wa kujitolea ihesabiwe: akilima, akijenga, akilinda lindo la kampuni ya shirika, sehemu ya thamani ya kazi hiyo iwekwe akiba kwa jina lake, asiiguse mpaka siku ya kumaliza mkataba, na taarifa yake aione. Stadi anayofundishwa ipimwe na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ili fundi uashi aliyejenga ukuta wa kilomita 24 asiulizwe cheti na mkandarasi wa Kahama akakosa cha kuonyesha. Na kwa kuwa kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana, wanaomaliza mkataba waunganishwe katika vikundi kabla hawajatoka kambini, wakiwa bado wanafahamiana na kuaminiana, na majina yao yatumwe kwa maafisa maendeleo ya jamii wa wilaya zao. Kikundi cha vijana kumi waliolima pamoja miaka miwili ni wakopaji wazuri kuliko kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya fomu kufungwa.

Gharama ipo, hasa ya ile akiba, na SUMAJKT itasema faida yake inahitajika kuendesha kambi. Basi hesabu ziwekwe wazi Bungeni tuone kambi inakula kiasi gani na mikono ya vijana inaingiza kiasi gani.