Maksai auzwe Juni, Januari tumeshachelewa

Huku Kongwa na Mpwapwa, mkoani Dodoma, tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Desemba, na Aprili ikiisha nayo imekwisha. Mwezi wa tano na wa sita maksai, yaani dume aliyehasiwa, anang'aa, nundu imejaa, mbavu huzioni. Kuanzia Agosti anaanza kurudi nyuma, na Novemba ikifika kilo alizopata wakati wa masika zimeyeyukia njiani akitafuta maji na majani makavu.

Sasa niambie, familia nyingi zinazofuga ng'ombe wa nyama huku kwetu huuza lini? Januari. Shule zinafunguliwa, kuna sare, madaftari, nauli ya mtoto wa bweni, na ada kwa waliopeleka watoto shule za binafsi. Ghala nalo linakaribia kuwa tupu na mahindi bado yako shambani. Hapo ndipo maksai anaswagwa mnadani, akiwa hajapata hata mwezi mzima wa nyasi mbichi. Minada niliyoizoea bei hupangwa kwa macho: mchuuzi anazunguka nyuma, anashika kiuno, anabonyeza nundu, anataja bei. Januari macho yake yanaona mifupa. Isitoshe, anajua kabisa kwa nini umekuja na kwamba huwezi kurudi naye nyumbani.

Mimi nasema tuuze Juni. Najua wazee wangu hawatanielewa upesi. Ukimwambia mzee amtoe maksai Juni anakushangaa: ng'ombe amenona, anapendeza zizini, majirani wanamsifu, unamuuza kwa lipi? Kwake anayeuzwa ni mwenye kasoro, na wakati wa kuuza ni wakati wa shida. Mawazo hayo siyadharau. Ukame wa 2021 kuingia 2022 uliua ng'ombe wengi mno kule Simanjiro, na katika hali ya namna hiyo mwenye kundi kubwa ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki na mbegu. Lakini mbegu ni majike na dume lao. Maksai hazai. Kwenye shamba la nyama kazi yake ni kuweka kilo, na akishaacha kuweka kilo anakula chakula cha wenzake.

Tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 hula chakula kikavu kama kilo 6 kwa siku. Kuanzia Julai hadi Novemba ni siku 150 na kidogo, kwa hiyo maksai mmoja atamaliza kilo 900 za nyasi. Ukifunga marobota kwa sanduku la mbao, kila moja kilo 15, hayo ni marobota 60. Kwa ajili ya nini? Ili Desemba awe mwepesi kuliko alivyokuwa Juni. Wenye maksai kumi wanatumia tani tisa za malisho kununua hasara, na bado sijataja kuogesha, dawa za minyoo, wala mchungaji.

Nyasi hizo kuna anayezihitaji kweli, naye ni jike mwenye ndama. Jike aliyekonda hapandwi, kwa sababu joto lenyewe, yaani hamu ya dume, haliji. Mimba ni miezi tisa, kwa hiyo angeweza kuzaa karibu kila mwaka, lakini kwenye maboma mengi huku jike huzaa mwaka huu, akapumzika mwaka mzima, kisha ndiyo azae tena. Watu wanalaumu mbegu, wanakimbilia kutafuta dume la Boran, ng'ombe wa nyama mwenye umbo kubwa. Boran ni ng'ombe mzuri, sibishi, lakini naye ana mdomo, tena mkubwa kuliko wa zebu wetu. Mlete kwenye eneo lililokwisha kuliwa na maksai wa miaka sita uone.

Na ardhi hii ya kwetu ni ya nyasi kuliko kitu kingine. Waingereza walileta matrekta Kongwa mwaka 1947 walime karanga, mwaka 1951 mradi ukafutwa. Ukame ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyouangusha. Leo kuna ranchi ya ng'ombe. Sisi wenye maeneo madogo ya ukoo tunaweza kutenga kipande tangu Machi, kama Wasukuma wanavyotenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa yatumike kiangazi, na kukata nyasi zinapoanza kutoa maua. Ukingoja Julai unafunga mabua.

Soko nalo kwa sasa limetusogelea. Idd ya kuchinja mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na kila mwaka inawahi kwa siku 10 au 11. Ng'ombe wa kuchinjwa siku hiyo anatakiwa awe ametimiza miaka miwili, asiwe kilema wala kipofu, na asiwe amekonda kupita kiasi. Kwa miaka michache ijayo wanunuzi wa Dar es Salaam watakuwa wanamtafuta mnyama wa namna hiyo wakati ule ule malisho yetu yanapomtoa.

Hofu ya kweli ni pesa. Ng'ombe zizini hakopwi na shemeji. Pesa kwenye simu hukopwa na kila mtu. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuwa la baba peke yake. Mama ndiye anayejua Januari itadai nini, basi akae kwenye hesabu tangu mwanzo. Sehemu ilipwe shule mapema, sehemu inunue mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, na sehemu iende kwenye mashudu ya alizeti, yaani makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, maana ndiyo kwanza alizeti imevunwa na bei haijapanda. Mashudu hayo wape majike wenye ndama ifikapo Septemba.

Mwezi wa tano, kabla ya mnada, fungueni vinywa vya maksai wote. Aliyefikisha meno manne ya utu uzima, yaani miaka mitatu hivi, kama hakokoti jembe, aandikwe kwenye orodha ya Juni.