Kuzima Kache Hakuzibi Pengo la Kumbukumbu za Seva

Msimamizi anayefuatilia matumizi ya mafaili kwenye seva ya mtandao huweza kukuta kwamba faili lililosomwa mchana kutwa limeandikwa mara moja tu katika kumbukumbu, yaani orodha ya matukio ambayo seva huyarekodi. Kompyuta ya mtumiaji ilikwisha kuhifadhi nakala katika kache yake, yaani hifadhi yake ya muda, na usomaji uliofuata haukufika kwenye seva. Hapo ndipo hutolewa amri, mara nyingi kwa haraka, kwamba kache izimwe.

Wanaoitoa wana hoja. Mkaguzi haridhiki na kumbukumbu zenye mapengo, na NFS, itifaki ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, katika toleo lake la 4 huruhusu seva kuikabidhi kompyuta faili kwa muda, kiasi cha kuweza kulifungua tena bila kuomba ruhusa. SMB, itifaki nyingine ya kazi hiyo, ina utaratibu unaofanana na huo.

Hata hivyo, tuangalie kuzima huko kunaleta nini. Kwenye Linux, sifa za faili la NFS, kama vile ukubwa na saa ya kubadilishwa, kwa kawaida huaminiwa kwa sekunde 3 hadi 60 kabla ya kuulizwa upya. Chaguo la noac, ambalo msimamizi huliweka ili kuzima kache ya sifa hizo, hufuta muda huo na pia hulazimisha kila uandishi usubiri uthibitisho wa seva, hivyo programu inayoshughulikia maelfu ya mafaili madogo hutumia muda mwingi ikingoja majibu. Gharama hiyo ingevumilika kama ingeleta kilichotafutwa, lakini noac haifuti data iliyokwisha kuhifadhiwa: kompyuta huuliza sifa, ikijibiwa kuwa faili halijabadilika, husoma nakala yake ileile. Kumbukumbu hufurika maswali ya sifa, usomaji wenyewe ukiwa bado hauonekani, na aliyefungua hati huwa vigumu kumtofautisha na programu iliyopita tu ikiorodhesha folda. Isitoshe, usomaji unaofika huenda ni wa sehemu ambazo kompyuta imezivuta mapema bila mtumiaji kuziomba.

Anayehitaji kweli kujua nani amesoma nini atafute jibu kwenye kompyuta ya mtumiaji, ambako ombi la kufungua faili huweza kurekodiwa kabla kache haijahusika. Udhaifu wa njia hiyo, ambao watetezi wa seva wana haki ya kuutaja, ni kwamba mwenye mamlaka kamili juu ya kompyuta yake anaweza kuzima ufuatiliaji huo. Kwa mabadiliko na ufutaji wa mafaili, ambao hauna budi kufika kwenye seva ili utimie, kumbukumbu za seva zinabaki shahidi bora, kache ikiwa imewashwa.