Bwana afya aanze na mwenye nyumba

Masika moja, Vingunguti, Dar es Salaam, bwana afya aliingia uani kwetu akakuta choo kimefurika, akamwandikia mama faini. Choo kile kilitumiwa na vyumba tisa. Mwenye nyumba aliishi mbali, na kila alipoombwa akitengeneze alisema tungoje mvua kubwa kitapishwe, yaani uchafu uachiwe uende na maji. Mama alilipa kwa hela ya vitumbua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mpaka leo inaniuma.

Sasa naishi Liverpool, mji ambao enzi za Malkia Victoria ulikuwa na hali mbaya kuliko uani kwetu. Familia zilipanga vyumba vya chini ya ardhi, giza tupu, maji machafu yakichuruzika ukutani, na kaya nyingi zikigombea choo kimoja cha shimo. Mwaka 1847 mji ulimteua Dkt. William Duncan kuwa daktari wa afya ya mji, wa kwanza nchini Uingereza. Alifanya kazi na mkaguzi, Thomas Fresh, ambaye sisi tungemwita bwana afya. Mwaka huohuo Waayalandi wapatao 300,000 walishuka bandarini wakikimbia njaa, na homa inayoenezwa na chawa ikaua ovyo. Maelfu walitolewa kwenye vyumba vya chini. Waende wapi? Walikwenda kubanana kwingine. Nyumba za kwanza za halmashauri, St Martin's Cottages, zilikuja 1869! Nikisoma habari hizo nawaona watu wetu wa bonde la Msimbazi siku za bomoabomoa.

Ila kuna walilolifanya sawasawa. Mhandisi wa mji, James Newlands, alianza 1848 kutandaza mabomba ya majitaka chini ya barabara, na maji safi ya mabwawa ya Rivington, nje ya mji, yakafika 1857. Kisha sheria ya afya ya 1875 ikatamka kwamba kero ikitokana na ubovu wa jengo, notisi apelekewe mwenye jengo.

Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Ukuta wa chumba cha mwanangu uliota ukungu, mkaguzi akaja, akapima unyevu, akamwandikia mwenye nyumba. Nilipomsimulia mama kwenye simu aliniuliza mara mbili: "Na wewe hukutozwa kitu?"

Mabwana afya wetu wanajua kazi, na sheria ya afya ya jamii tunayo tangu 2009. Basi wakifika uani, kabla ya kutoa kitabu cha faini, waulize namba ya simu ya mwenye nyumba. Mjumbe anayo.